Prosesa au Kadi ya Michoro? Tuhesabu Kurudi Nyuma, Tisa Hadi Moja

Una pesa ya kununua kitu kimoja tu. Kompyuta ya mezani inakwama, gemu inarukaruka, video inakesha usiku kucha ikitoka, na kila unayemuuliza ana jibu kabla hujamaliza swali. Mwenye prosesa ya kuuza atakwambia tatizo ni prosesa. Mwenye kadi ya michoro ya kuuza, unajua atakachosema.

Basi tuzipange hoja zinazotumika kuamua, tuanze na ile dhaifu kuliko zote. Mashine ninayoiwaza ni ile iliyojaa mitaani kwetu: nyeusi, ya ofisi, Dell OptiPlex au HP, imetumika ughaibuni miaka kadhaa, ikapanda kontena, ikashuka Kariakoo, ikafutwa vumbi kwa nje na kupangwa dukani. Mpwa wangu anayo moja, OptiPlex 7010 ya mnara, ndani ina prosesa i5-3470 ya mwaka 2012 na haina kadi ya michoro. Aliomba awepo nikiandika. Nikakubali kwa sharti kwamba asiongee.

Sharti halikufika namba 8.

9. Taa za rangi

Haziongezi fremu hata moja. "Lakini anko, zinaleta mudi." Mudi inapatikana kwenye waya wa taa za Krismasi, na waya huo hauhitaji draiva. Tuendelee.

8. "Rafiki yangu kaweka hiyohiyo, inapaa!"

Kabla ya kuuliza rafiki kaweka nini, uliza anatazama nini. Skrini nyingi zinazouzwa na mashine za ofisi ni za Hz 60, yaani zinaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa fremu 140, hizo 80 za ziada umezilipia umeme wa LUKU na hujaziona. (Wachezaji wa mashindano wana hoja yao kuhusu kipanya kuitikia haraka. Sawa, ila wao hawachezi kwenye skrini ya mhasibu aliyestaafu.)

Halafu kuna hesabu ya nukta. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600 za kupaka rangi kwenye kila fremu. Ukishuka hadi 1280 kwa 720 zinabaki 921,600. Ukipanda hadi 4K zinafika 8,294,400. Nukta zikiwa chache, kadi inamaliza kazi mapema na kukaa kumngoja prosesa. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga kadi ya maana kwenye skrini ndogo kisha akabaki na fremu zilezile za jana, amepungukiwa pesa tu.

"Rafiki yangu skrini yake ni ya Hz 144." Hamia kwake.

7. "Ina GB ngapi?"

Hili ndilo swali la kwanza la mnunuzi wa kadi, na muuzaji analipenda kweli. GT 730 yenye GB 4 ipo, inauzwa, boksi linang'aa, na ni kadi ya mwaka 2014 ambayo hata uijazie GB 40 haitakimbia. Kumbukumbu ni nafasi ya kuwekea vitu. Anayechora ni chipu.

Kisa kitamu zaidi ni cha GT 1030. Ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayosafirisha takriban GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo la DDR4: jina lilelile, GB 2 zilezile, ila sasa inasafirisha kama GB 16.8 tu, theluthi moja ya ile ya kwanza. Kinachozitofautisha ni maandishi ya ukubwa wa sisimizi kwenye boksi. Soma. Ukiona aibu kusoma mbele ya muuzaji, mwombe akusomee yeye.

Tena kuna kadi za kale zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa Windows kuwa GTX 1050 Ti. GPU-Z, programu ya bure, huzibaini tangu 2018 na kuandika FAKE mbele ya jina. Ingia dukani na flashi yenye GPU-Z. Muuzaji mwenye kadi halali atakuchekea tu. Yule mwingine atakumbuka ghafla kwamba leo umeme hakuna.

Sisemi GB hazina maana. Kwenye kadi yenye nguvu, GB 4 kwa gemu za sasa ni finyu, na zikijaa gemu inaanza kuazima RAM ya mashine na kugandaganda. Ila swali la GB huja baada ya swali la chipu.

6. "Hii ni i7, bosi"

Amekutajia ukoo, hajakutajia umri. Tazama namba baada ya kistari: i7-3770 ni kizazi cha 3, ya mwaka 2012, i3-12100 ni kizazi cha 12, ya mwaka 2022. Zote zina kori 4 zinazobeba kazi 8 kwa pamoja. Na ile i3 inamwacha i7 mbali kabisa, kwa sababu kori zake hukamilisha kazi nyingi zaidi kwa kila GHz.

Sasa mpwa wangu alishaambiwa atoe i5-3470, aweke i7-3770. Atapata nini? Kori ni 4 kama mwanzo. Kasi ya juu inatoka GHz 3.6 hadi 3.9. Faida ya kweli ni huko kubeba kazi 8 badala ya 4, na programu zinazojua kugawa kazi zitafaidika nako. Lakini umri haubadiliki. Amri za AVX2, ambazo baadhi ya gemu mpya hazifunguki bila hizo, Intel ilizianzisha na kizazi cha 4 mwaka 2013. Kizazi cha 3 hakina, kiwe i5 kiwe i7. Microsoft nayo ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 pamoja na Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Zipo njia za panya za kuisakinisha, mafundi wanazijua, lakini usizihesabu kama sababu ya kununua prosesa.

"Kwa hiyo i7 ni jina tu?" Kwenye soketi ya mashine yako, ni jina na chenji kidogo.

5. Fungua kasha kabla ya kufungua pochi

Hapa nakaa kidogo, maana hapa pesa za watu zinaokolewa na hakuna anayesifiwa.

Kwenye 7010 ya mnara unavuta kilimi cha ubavuni, mlango unatoka bila bisibisi. Chomoa waya wa umeme kwanza. Tazama feni ya prosesa, kisha chungulia nyuma yake kwenye mapezi ya alumini. Mashine iliyokaa miaka kwenye ofisi yenye zulia, halafu ikaja kukaa karibu na dirisha la Mbagala, huwa na utando wa vumbi hapo katikati, mnene kiasi kwamba unauchuna kwa kucha ukatoka mzima. Feni inazunguka, inapiga kelele, hewa haipiti. Ukinyanyua hitisinki, ile krimu ya kijivu chini yake imekuwa chaki.

Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Unaiita mzee, kumbe imekabwa. Futa krimu ya zamani kwa spiriti, paka mpya kiasi kidogo katikati, rudisha hitisinki. Ukipuliza vumbi kwa bloa, zuia feni kwa kidole isizunguke, na fanya kazi hiyo uani, si sebuleni kwa mama yako. Mpwa anajua kwa nini.

RAM nayo usiisahau. Kijiti kimoja cha GB 8 kinatumia njia moja ya kusafirishia data. Vijiti viwili vya GB 4 vinatumia mbili. Kwa mashine isiyo na kadi, ambayo michoro yake inakula RAM hiyohiyo ya mashine, tofauti inaonekana kwa macho. Na kama malalamiko yako ni kwamba kompyuta inachelewa kuwaka, au gemu inachukua dakika nzima kufunguka, mtuhumiwa ni ile diski ya kuzunguka. Weka SSD, mwachie huru prosesa.

"Kwa hiyo, anko, nanunua brashi?" Kwanza brashi, ndiyo.

4. Wewe hasa unafanya kazi gani?

Ukitengeneza muziki kwenye FL Studio, kadi ya michoro haitakusaidia hata kidogo. Plagini karibu zote zinaendeshwa na prosesa. Nasikia watayarishaji wa singeli wakisema mashine inashindwa kwa sababu ya kasi ya muziki. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika hayamtishi prosesa. Kinachomtisha ni zile rivabu sita ulizozipanga juu ya sauti moja, na mnyororo wa namna hiyo hauendi mbele kabla kiungo cha nyuma hakijamaliza, kwa hiyo kasi ya kori moja moja ndiyo inayotakiwa. Prosesa. Na punguza rivabu.

Ukihariri video kwa DaVinci Resolve, kurekebisha rangi na kuweka madoido kunailemea kadi. Mchoraji wa majengo anayefanya ramani bapa za AutoCAD anahitaji kori yenye kasi; akimfungulia mteja Lumion ili amzungushe ndani ya nyumba ambayo haijajengwa, anahitaji kadi, tena kubwa. Blender ikitumia kadi kutoa picha inakimbia kuliko prosesa, mradi mandhari nzima iingie kwenye kumbukumbu ya kadi. Mhasibu wa Excel: prosesa, RAM, na saa ya kwenda nyumbani.

Hata gemu hazifanani. Football Manager inacheza mechi za ligi zote hizo kichwani mwa prosesa. Kadi inakuja kuchora vijana wanaokimbia uwanjani. Cyberpunk 2077 inaila kadi, kisha mtaani kwenye watu wengi inamgeukia prosesa. GTA V, anayoipenda mpwa wangu, ilifika kwenye kompyuta Aprili 2015 na inahitaji vyote viwili, ila kwa kiasi ambacho mashine ya ofisi yenye kadi ya wastani inakimudu.

"Mimi nafanya yote." Wewe unafanya GTA. Mama yako kaniambia.

3. Soketi haibembelezwi

Kadi ya michoro inahama. Leo iko kwenye OptiPlex, kesho unaifungua na kuifunga kwenye mashine mpya. Prosesa imeoana na madabodi, na ndoa za Intel ni za wivu. Soketi ya LGA 1155 inapokea kizazi cha 2 na cha 3, basi. LGA 1151 ina mtego wake: kizazi cha 6 na cha 7 vinakaa kwenye madabodi za mfululizo wa 100 na 200, Oktoba 2017 kikaja kizazi cha 8, idadi ya pini ileile 1151, lakini kinataka madabodi za mfululizo wa 300. Inaingia vizuri kabisa. Haiwaki.

Wenye AMD ya AM4 ndio waliokula raha. Aliyenunua Ryzen mwaka 2017 aliweza, kwa madabodi nyingi, kusasisha BIOS na kuweka Ryzen 7 5800X3D iliyotoka Aprili 2022 ikiwa na MB 96 za kache ya L3. Mtu huyo akisema ananunua prosesa kwanza, mpe mkono. Mwenye Intel ya zamani akisema hivyohivyo, mara nyingi anasema ananunua prosesa na madabodi na RAM ya DDR4 au DDR5, maana DDR3 yake haiendi popote. Akijumlisha, hiyo ni kompyuta mpya iliyovaa kasha la zamani.

Chunga pia herufi F mwishoni: i5-9400F, i5-12400F. F maana yake haina michoro ya ndani. Ukiifunga kwenye mashine isiyo na kadi utapata feni zinazozunguka na skrini nyeusi. Umeokoa chenji, umenunua giza.

2. Kasha na pawasaplai, wakubwa wasioulizwa

Watu hubishana prosesa au kadi wiki nzima, kisha wanafungua mashine na kukuta jambo lilishaamuliwa kiwandani.

Pawasaplai ya 7010 ya mnara ni ya W 275. Ile nyembamba ya kulaza ni W 240. Hazina waya wa pini 6 wala 8 wa kulishia kadi. Kilichobaki ni umeme unaopita kwenye slotu yenyewe ya PCIe, na kikomo chake ni W 75. Kwa hiyo orodha yako ni fupi: GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019, RX 6400 ya 2022 yenye W 53, RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 na W 70 zake. Hata hapo geuza kadi utazame juu, kwa sababu GTX 1650 za viwanda vingine zimewekewa tundu la pini 6. Na RX 6400 inatumia njia 4 tu za PCIe. Imetengenezwa kwa PCIe 4.0, ukiipachika kwenye 3.0 inapoteza sehemu ya nguvu zake.

Mtu atakuja na dawa: waya wa kugeuza plagi ya SATA, ile ya diski, iwe pini 6. Plagi ya SATA imekusudiwa kubeba W 54 kwenye volti 12. Pini 6 inaruhusiwa kudai 75. Plastiki haijui kubishana, inayeyuka. Nimeiona moja mezani kwa fundi, imegeuka rangi ya kahawia, imeshikana na pini zake, na mwenye mashine bado anauliza kama "itafaa kwa muda."

Dawa nyingine ni kubadili pawasaplai. Inawezekana kwenye 7010 ya mnara, madabodi yake inakula plagi ya kawaida ya pini 24. OptiPlex 9020, ya kizazi kilichofuata, imepewa pini 8 za kwake Dell, kwa hiyo unahitaji waya wa kugeuzia juu ya pawasaplai mpya. Kwenye makasha membamba hata umbo la pawasaplai ni la peke yake. Huko kadi nayo sharti iwe ya kimo kifupi na bamba fupi la nyuma, ulizia kabisa kama bamba hilo liko kwenye boksi. Chukua rula. Pima urefu, kimo na unene, uandike kwenye karatasi, uende nayo dukani.

Halafu kuna UPS yako ndogo chini ya meza. Ikipiga kelele kila gemu inapoanza, inakueleza jambo.

"Anko, mbona hakuna aliyewahi kuniambia haya?" Kwa sababu ukijua, hununui siku hiyohiyo.

1. Nani anamsubiri nani?

Kila fremu ina hatua mbili. Prosesa anakokotoa nani yuko wapi, gari limegonga nini, kisha anakabidhi maagizo, kadi inachora. Prosesa ni saidia fundi anayepandisha zege, kadi ni fundi anayemwaga. Fundi akiwa amekaa juu anasubiri ndoo, kuleta fundi wa pili hakutaongeza ghorofa.

Namna ya kujua haina gharama. Kwanza zima V-Sync na kikomo chochote cha fremu ndani ya gemu, la sivyo wote wawili wataonekana wamepumzika. Cheza dakika kumi mahali pazito. Kisha Ctrl, Shift na Esc, fungua Task Manager utazame chati. Kadi ikikaa asilimia 95 na zaidi muda wote, kadi ndiyo imefika mwisho. Ikiwa inacheza kwenye 50 au 60 na gemu bado inakwama, mtazame prosesa, ila usidanganywe na asilimia ya jumla: kwenye prosesa ya kori 4, jumla ya 25 inaweza kuwa kori moja iliyojaa pomoni na tatu zinazopiga soga. Bofya kitufe cha kulia juu ya chati, chagua kuonyesha kila kori peke yake.

Jaribio la pili ni tamu zaidi. Shusha azimio la gemu kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo ilikuwa inachelewesha. Zikibaki palepale, umempunguzia kazi mtu ambaye hakuwa amechoka; anayechelewesha ni prosesa. Na wapo wanaonunua kadi inayomtegemea prosesa kuliko kawaida: Arc B580 ya Intel ya Desemba 2024 ina GB 12 na bei ya kuvutia, ila inataka kipengele kiitwacho Resizable BAR, ambacho mashine za umri wa 7010 hazikuja nacho, na kwa prosesa dhaifu inateleza vibaya. Inakula W 190 pia, kwa hiyo namba 2 ilishaikataa.

Tulimfanyia mpwa jaribio hapohapo. Baada ya brashi. GTA V kwenye 1080 ilikuwa maonyesho ya picha za mnato. Kwenye 720 fremu zikaongezeka karibu mara mbili, wakati kori zake zilikuwa na nafasi ya kutosha. Kwa hiyo ni kadi, isiyo na tundu la pini, ya W 75 au pungufu, na pesa itakayobaki ni kijiti cha pili cha RAM. Prosesa asiiguse. Siku kori hizo zitakapojaa, atauza mashine nzima akiwa ameichomoa kadi.

"Na nikishafunga, anko, taa itawaka?"

Moja, dogo. Kwenye kitufe cha kuwashia.